Kueleza spishi mpya ya gegereka mdogo wa pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa vyuo, walimu wa biolojia, wavuvi na wanavikundi wa kulinda mikoko. Tumeanza na ya msingi, yale ya nadra yako mwisho. Pale jibu linapotegemea jibu jingine, tumetaja namba yake badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Gegereka ni wanyama gani, na hao "wadogo" ni wepi?

Gegereka ni kundi la kaa, kamba, kamba koche na jamaa zao wengi ambao hawafiki sokoni. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinazidi 60,000. Wadogo tunaowazungumzia hapa ni wale wa milimita chache hadi sentimita moja au mbili, wanaoishi katika ukanda unaofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa: amfipoda waliobanwa ubavuni, wanaorukaruka ukiinua mwani uliotupwa ufukweni, isopoda waliobanwa mgongoni, wanaojibana chini ya mawe, kopepoda wa kati ya chembe za mchanga, ambao bila hadubini huwaoni, na kaa wadogo wa mikoko.

2. "Kueleza" spishi ni nini? Si ni sawa na kuigundua?

Hapana. Kumwona mnyama wa kwanza kunaweza kuchukua dakika moja. Kumweleza ni kuchapisha maandishi yanayosema kwa maneno ni sifa zipi zinamtenga na jamaa zake wote wanaojulikana, kumpa jina, na kutaja kielelezo kimoja kilichohifadhiwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kukiangalia. Bila hayo spishi haina jina halali hata kama kijiji kizima kinamfahamu mnyama huyo.

Sehemu kubwa ya kazi ni kulinganisha. Asiyekuwa tayari kusoma maelezo ya jamaa zote za mnyama wake hajaianza kazi hii, hata akiwa na chupa mia za vielelezo.

3. Kweli bado kuna spishi mpya kwenye pwani yetu? Si wazungu walishamaliza?

Hawakumaliza. Ni kweli kazi ilianza zamani: gegereka waliokusanywa katika safari za von der Decken, msafiri Mjerumani, Zanzibar ikiwemo, walielezwa na mtaalamu wa wanyama Hilgendorf kwa Kijerumani mwaka 1869. Lakini ukubwa wa kazi ile ya mwanzo ndio uliozaa tatizo la leo. Wanyama wetu wengi walibandikwa majina ya spishi zilizoelezwa kutoka kwingine, na majina hayo yakakaa kwa zaidi ya karne.

Chukua kaa wa mikoko anayevuta majani makavu hadi shimoni mwake. Kwa miaka mingi watafiti wa Kenya na kwingine walimwandika kama *Neosarmatium meinerti*, jina la mwaka 1887. Mwaka 2012 Ragionieri, Fratini na Schubart walionyesha kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na spishi nne. Jina la zamani likabaki kwa wale wa visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, na wa pwani ya Afrika Mashariki akaitwa *Neosarmatium africanum*. Miaka minne baadaye likatokea jambo kama hilo kwa yule kaa mdogo ambaye dume wake hupunga gando moja kubwa kwenye tope: wa pwani yetu, aliyekuwa akiitwa *Uca annulipes*, akatengwa na kuitwa *Uca occidentalis*.

Hao wawili wanaonekana kwa macho na walikuwa wamechunguzwa miaka nenda miaka rudi. Kwa amfipoda na isopoda, ambao ni wachache mno wanaowafanyia kazi hapa kwetu, nategemea makubwa zaidi. Kuna sababu ya kibiolojia pia. Kaa hutoa viluwiluwi vinavyoelea baharini kwa wiki kadhaa na kuchukuliwa na mikondo. Jike wa amfipoda au isopoda hubeba mayai katika mfuko ulio chini ya kifua, na watoto hutoka wakiwa na umbo linalokaribia la mama na kukaa palepale. Kundi la kisiwa kimoja linaweza kutengana na la kisiwa cha jirani kwa urahisi zaidi.

4. Nimepata mdudu ambaye simfahamu. Nitajuaje kama ni spishi mpya?

Anza kwa kudhani kwamba si mpya. Mara nyingi ni hivyo.

Mfikishe kwanza kwenye familia, halafu jenasi (kundi la spishi za karibu, ambalo ndilo neno la kwanza la jina), kwa kutumia funguo za utambuzi, yaani maswali ya hatua kwa hatua kuhusu umbo. Kisha orodhesha spishi zote za jenasi hiyo duniani; WoRMS, sajili ya spishi za baharini ambayo ni bure mtandaoni, inakupa majina pamoja na waandishi na miaka. Ukiwa na orodha, tafuta maelezo ya asili ya kila spishi. Mengi ya zamani yamewekwa bure na maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, ila jiandae kusoma Kifaransa, Kijerumani, hata Kilatini. Usitosheke na spishi za Bahari ya Hindi peke yake (swali la 20 linaeleza kwa nini).

Halafu kuna mitego. Mtoto hafanani na mkubwa. Jike na dume wa amfipoda wanaweza kutofautiana kiasi cha kudhaniwa spishi mbili, kwa sababu magando ya dume hukua kupita kiasi. Aliyepoteza gando huota jipya ambalo kwa muda huwa dogo na lenye umbo jingine. Nimeona wanafunzi wakilihesabu kama sifa ya spishi. Ndiyo maana tunataka vielelezo vingi, vya jinsia zote na saizi zote, kabla ya kutamka neno "mpya".

## Ufukweni

5. Nahitaji kibali kuokota vidudu vya milimita tano?

Ndiyo. Tanzania Bara vibali vya utafiti hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya na tume yao, NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ndani ya hifadhi ya bahari unahitaji ruhusa ya wanaoisimamia pia. Mida Creek, kwa mfano, imo katika hifadhi ya Watamu. Vielelezo vikivuka mpaka, hasa kwa ajili ya DNA, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inaingia.

Juu ya karatasi zote hizo, pita kwa sheha, serikali ya kijiji au kamati ya ufukwe kabla ya kuingia mikokoni na ndoo. Ni adabu, na wenyeji ndio wanaojua mahali ambapo mawe hayajageuzwa. Weka nakala za vibali vyote, kwani majarida mengi sasa yanaziulizia.

6. Niende wakati gani?

Wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hufika karibu mita 4 na miamba ya chini kabisa huonekana. Maji mafu hayafai kwa ukanda wa chini. Fika saa moja au mbili kabla maji hayajapwa kabisa, uyafuate yakishuka. Wale warukao wa mchangani hutoka usiku, na kikombe kilichozikwa hadi mdomoni huwanasa bila kuwaumiza.

7. Nawakamataje bila kuwavunja miguu?

Usiwashike kwa vidole. Chukua kishungi cha mwani pamoja na kishikio chake, kitumbukize haraka katika ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi na ukitikise. Wadogo huachia wenyewe. Pitisha maji hayo kwenye chekeche ya nusu milimita. Kwa kopepoda utahitaji chekeche ya milimita 0.063 au laini zaidi. Kisha warudishe haraka kwenye maji ya bahari, na uwahamishe kwa kitoneshi au brashi laini.

Piga picha wakiwa hai, kwenye sinia jeupe, kabla ya jambo jingine lolote. Wekundu, umanjano na ukijani hupotea ndani ya siku chache za kukaa kwenye ethanoli, na hutaweza kuurudisha.

8. Nawahifadhi kwa kitu gani?

Kwanza wapumzishe. Matone machache ya mafuta ya karafuu katika maji ya bahari huwalegeza taratibu na wakafa wamenyooka, bila kujikunja wala kuangusha miguu. Sisi wa pwani ya karafuu hatuna kisingizio cha kuyakosa.

Kisha wagawe. Baadhi waingie ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya DNA, na waliobaki ya asilimia 70 hadi 80, kwa kuwa ile kali huwakausha wakawa wepesi kukatika. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, maana maji ya miili yao huipunguza nguvu. Formalini hukaza umbo vizuri lakini huharibu DNA, kwa hiyo isiwe dawa yako pekee.

Lebo iwe ndani ya chupa, kwenye karatasi imara, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Andika nchi, mahali, viwianishi vya GPS, tarehe, mazingira ("chini ya jiwe, ukanda wa kati, mchanga wenye tope") na jina la mkusanyaji. Kielelezo kizuri kisicho na lebo ni takataka. Nalisema bila kupunguza makali kwa sababu makabati yamejaa takataka za namna hiyo.

## Mezani

9. Kuchambua na kuchora kunafanywaje?

Hapa ndipo penye kazi. Chukua mfano wa dume wa amfipoda wa milimita sita. Unamlaza kwenye tone la glisirini chini ya hadubini na kumtoa kiungo kimoja baada ya kingine kwa sindano mbili nyembamba sana: vipapasio vya jozi mbili, taya na vitawi vyake, nathopodi mbili zenye magando, miguu mitano inayofuata, vile vya kuogelea, uropodi tatu za mkiani, na mwisho telsoni, kile kipande cha mwisho kabisa cha mwili. Tunatoa viungo vya upande mmoja tu, ili upande wa pili ubaki mzima kwa atakayekuja kukagua. Kila kiungo kinawekwa kwenye kioo chake na kufunikwa, na ukingo unazibwa kwa rangi ya kucha ile ile ya dukani.

Kuchora hufanywa kwa kioo maalumu kinachofungwa kwenye hadubini, kinachokuwezesha kuona kiungo na ncha ya penseli yako kwa pamoja. Unachora kila kinywelea kilipo na idadi yake, kwa sababu spishi mbili zinaweza kutofautiana kwa miiba miwili tu kwenye ukingo wa telsoni. Siku hizi wengi hupiga wino kwa kompyuta, lakini mchoro wa penseli kwa mkono bado unafunza jicho kuliko picha, na ningemshauri kila mwanafunzi aanzie huko.

10. DNA ni ya lazima?

Kanuni hazidai. Zinadai sifa zielezwe kwa maneno. Ila ukiweza kuipata, ipate. Kipande kinachotumika zaidi ni cha jeni ya COI, chenye herufi zipatazo 650. Hakuna asilimia moja ya tofauti inayokata shauri kwa wanyama wote. Unapima tofauti ndani ya spishi dhidi ya tofauti kati ya spishi jirani.

Wale *Neosarmatium* wa swali la 3 ni somo zuri. Vinasaba na umbo viliangaliwa pamoja, na tofauti za umbo ambazo zilikuwa zimepitwa na macho zikaonekana kuwa za kudumu. Jihadhari pia na hifadhidata za DNA: mfuatano wa herufi uliopakiwa kwa jina la makosa hukaa humo miaka na kuwapoteza wengine.

11. Holotaipu ni nini, na iwekwe wapi?

Ni kielelezo kimoja kinachobeba jina. Spishi ikigawanywa kesho, jina litabaki na kundi lile ambalo holotaipu imo. Vingine vilivyotumika katika maelezo huitwa parataipu. Tangu mwaka 2000 ni lazima uitaje holotaipu waziwazi pamoja na hazina itakakohifadhiwa, na ni vizuri hazina hiyo iipe namba.

Msimamo wangu ni kwamba holotaipu ya mnyama wa pwani yetu ibaki katika hazina ya hapa pale penye uangalizi wa kudumu, kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, na parataipu zigawiwe makumbusho mawili matatu ya nje. Moto au ethanoli iliyokauka isiweze kufuta vyote kwa pamoja. Mwanafunzi wa Tanga au Lamu asihitaji viza ili kumwona mnyama wa kwao.

## Jina

12. Sheria za jina ni zipi?

Zimo katika Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, lililoanza tarehe 1 Januari 2000. Jina ni la maneno mawili kwa herufi za Kilatini, bila tarakimu wala alama juu ya herufi. Neno la pili likiwa kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya kisarufi ya jenasi: *Neosarmatium* si la kike wala la kiume, ndiyo maana ni *africanum*. Jina la kumuenzi mwanamume huishia *-i*, la mwanamke *-ae*. Kujiita mwenyewe hakukatazwi, lakini ni aibu katika fani hii.

13. Naweza kutumia neno la Kiswahili, jina la kijiji au la msanii?

Yote yanaruhusiwa. Neno la Kiswahili linaweza kuwekwa kama nomino lilivyo, nalo halibadiliki hata jenasi ikibadilika. Kaa wa mikoko wa Hong Kong asiyefika sentimita moja, aliyeelezwa mwaka 2017 na Cannicci na Ng, anaitwa *Haberma tingkok* kwa sababu alipatikana Ting Kok. Isopoda mdogo wa Karibi ambaye watoto wake hunyonya damu ya samaki aliitwa *Gnathia marleyi* mwaka 2012, kwa ajili ya Bob Marley.

Ukitumia jina la mtu aliye hai, mwombe ruhusa. Ukitumia la kijiji, waambie wanakijiji. Hufurahi, na mikoko yao hupata mtetezi mwingine.

14. Mbona majina mengine ya waandishi yako kwenye mabano?

Mabano yanasema spishi ilielezwa katika jenasi nyingine. *Uca occidentalis* ilichapishwa mwaka 2016, na mwaka huo huo jenasi *Uca* ikavunjwa kuwa jenasi kadhaa. Leo tunaandika *Austruca occidentalis* (Naderloo, Schubart & Shih, 2016).

## Kuchapisha

15. Nani anaidhinisha jina?

Hakuna. Kamisheni ya kimataifa hutunga kanuni na kuamua migogoro, haipigi muhuri majina mapya. Jina likichapishwa kwa kufuata kanuni, limekuwepo. Kama chapisho ni la kielektroniki, lazima lisajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka na usajili uonekane ndani yake. Sharti hili lilikuja na marekebisho ya mwaka 2012. Kusajili si kuchapisha.

16. Ni gharama kubwa? Huchukua muda gani?

Kuchapisha kunaweza kuwa bure: European Journal of Taxonomy haimtozi mwandishi wala msomaji, na Zootaxa haitozi ukikubali makala isiwe wazi kwa wote. Gharama halisi ni hadubini, na hiyo utaipata kwa kushirikiana na taasisi.

Kuhusu muda, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kwa wastani hupita miaka 21 tangu kielelezo kukusanywa hadi spishi kuelezwa. Kazi yenyewe haihitaji miaka yote hiyo. Chupa hukaa kabatini zikisubiri mtu.

## Hali za pekee

17. Nina kielelezo kimoja tu. Au majike matupu. Au picha tu.

Kimoja kinaruhusiwa, lakini hutajua sifa ipi ni ya spishi na ipi ni ya mnyama huyo peke yake. Rudi bamvua lijalo. Majike matupu ni hatari zaidi kwa amfipoda, kwa kuwa spishi nyingi hutenganishwa kwa magando ya dume. Picha bila mnyama aliyehifadhiwa ni suala lenye ubishi mkubwa. Mwaka 2017 Kamisheni iliongeza mapendekezo ya kulidhibiti. Kwa gegereka ambaye sifa zake ziko kwenye vinywelea vya taya, picha haitoshi.

18. Jina limo kwenye tasnifu yangu, au nimelitangaza mitandaoni.

Tasnifu isiyochapishwa rasmi, muhtasari wa mkutano na bandiko la mitandaoni havizai jina halali. Vinazaa vurugu: jina linaanza kutajwa huku halina mwili. Hadi siku ya kuchapisha, andika "sp. A" tu.

19. Mtu mwingine akinitangulia, au holotaipu ikipotea?

Jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalosimama, lako linakuwa kisawe, yaani jina la ziada lisilotumika. Ukisikia mwenzako anafanyia kazi mnyama huyo huyo, mwandikie mapema muungane.

Holotaipu ikipotea na jina likiwa na utata, huteuliwa neotaipu, kielelezo mbadala. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaa wa tope tunayemla, *Scylla serrata*, aliyepewa jina katika kazi ya Forskål ya mwaka 1775. Keenan, Davie na Mann walipoipanga upya jenasi hiyo mwaka 1998 na kutambua spishi nne, waliteua neotaipu kutoka Bahari ya Shamu.

20. Anaweza kuwa mgeni aliyekuja na meli?

Anaweza, hasa karibu na bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Gegereka wadogo husafiri kwenye uchafu unaoota chini ya meli na katika maji ya kusawazishia shehena. Mnyama asiye na jamaa hapa anaweza kuwa na jina tayari kutoka Brazili au Japani. Ukiharakisha, utampa mgeni jina la kienyeji.

21. Mimi ni mvuvi, si msomi. Nimemwona asiye wa kawaida, nifanye nini?

Mpige picha akiwa hai, pembeni yake weka sarafu ili ukubwa ujulikane. Andika mahali, tarehe, maji yalikuwa yamepwa kiasi gani, na alikuwa chini ya kitu gani. Kama huna kibali, mwache palepale. Peleka taarifa Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, au KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, Mombasa na kituo chao cha Gazi, na uwaombe wakuandike kama mtoa taarifa. Jina lako lina haki ya kuwemo kwenye shukrani za makala, na ukiwapeleka mahali penyewe, uliza mapema watakutajaje.